Wahadhiri tunaitwa mezani bajeti ikiwa imeshaiva

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na leo naliweka kwa urefu. Mwenye haraka anivumilie. Nimefundisha chuo kikuu cha umma miaka 19, na sita kati ya hiyo nilikuwa mwakilishi wa wanataaluma kwenye kamati ya fedha. Chuo sikitaji, na hakuna haja, maana kila nikikaa na wenzangu wa nchi nyingine nakuta tunasimulia kisa kilekile.

Vyuo vingi vya umma vinagawa madaraka hivi: Seneti ina kauli juu ya taaluma, yaani mitaala, mitihani, shahada, kuanzisha na kufunga programu. Baraza la Chuo lina kauli juu ya fedha, mali na ajira. Kwenye karatasi mpaka unaonekana kama ukuta. Ukiingia ndani ya vikao unagundua kwamba uamuzi wa fedha usiogusa taaluma karibu haupo. Ukisema nafasi tatu za wahadhiri waliostaafu zisijazwe, umeshachagua kozi zitakazokufa. Ukikata fungu la wahadhiri wa muda, umeshaamua darasa la watu 80 liwe la watu 240. Seneti haijapiga kura, na mtaala umeshabadilika.

Niwape nilichokiona kwa macho yangu. Kikao kiliitwa saa 3 asubuhi. Kabrasha la bajeti, kurasa 64, tulilikuta mezani mbele ya viti, ilhali kanuni zetu zinataka litumwe siku saba kabla. Mwenyekiti akatangaza kwamba makabrasha yatakusanywa mwisho wa kikao kwa sababu ya usiri. Uwasilishaji ukachukua dakika 25, jedwali juu ya jedwali, nami nafukuzana na kurasa kalamu mkononi. Ukurasa wa 41, chini kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba malipo ya wahadhiri wa muda "yamerekebishwa kulingana na hali halisi". Nikarudi kwenye takwimu za mwaka uliotangulia, nikatoa, nikagawanya: yamekatwa kwa asilimia 60. Nikanyosha mkono. Nikajibiwa kwamba hoja ni nzuri na itaingia kwenye muhtasari, ila bajeti inatakiwa wizarani kesho kutwa, hivyo tuipitishe, marekebisho yatafanyika mapitio ya nusu mwaka yatakapofika. Tukaipitisha.

Muhula ulipoanza, kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza iliyokuwa na makundi sita ya semina ikabaki na mawili. Usiku mmoja nikamkuta kijana wetu mmoja, mhadhiri msaidizi, bado yuko ofisini. Ana vitabu vya mitihani 412, amevifunga hamsini hamsini kwa kamba na kuvipanga ukutani hadi usawa wa dirisha. Akaniuliza, "Kaka, hili nani alilipitisha?" Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mahudhurio.

Tangu siku ile nimejiuliza tulikosea wapi. Jibu nililolipata ni kwamba hatukukosea siku ya kikao. Siku ya kikao kila kitu kilikuwa kimeshapita. Bajeti ya chuo cha umma inaanza miezi mingi kabla, serikali inapotoa ukomo, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho chuo hakiruhusiwi kukivuka. Kisha utawala unaketi na kuugawa ukomo ule: mishahara kiasi hiki, matumizi mengineyo kiasi hiki, maendeleo kiasi hiki, na kila kitivo kiasi hiki. Hapo wanakaa watu wachache kwa siku chache. Halafu vitivo vinaletewa majedwali vijaze ndani ya ukomo waliopewa, na kuanzia hapo kazi yote inayobaki, kuanzia bodi ya kitivo hadi Baraza, ni kupanga samani ndani ya nyumba ambayo kuta zake zimeshasimama.

Ninachokisema ni hiki: wahadhiri tuwemo ukomo unapogawanywa, tukiwa na takwimu mkononi. Tukisubiri kuitwa kupitisha, tutaendelea kupitisha.

Nawasilisha. Karibuni.

Kasma

Mkuu Chaki Nyeupe, heshima kwako, umeandika kwa uchungu na ninauelewa. Mimi niko upande wa pili wa meza, ofisi ya fedha ya chuo cha umma, mwaka wa 14 sasa. Niruhusu niseme yale ambayo wanataaluma huwa hawayaoni.

Ukomo kutoka serikalini tunauletewa umechelewa, na muda wa kuujibu hauongezwi kwa sababu sisi tuna kamati. Mwezi mwingine ruzuku inaingia pungufu. Tarehe ya mishahara haisogei. Wasambazaji wa kemikali za maabara wanadai, watu wa umeme wanadai. Ndani ya hali hiyo unaniambia niite Seneti ya watu zaidi ya mia moja ijadili mgawanyo?

La pili, nimehudhuria vikao vya wakuu wa vitivo. Kila mmoja anaingia kutetea kitivo chake. Sijawahi kusikia mkuu wa kitivo akisimama na kusema, "Kwangu kata, mpe jirani." Mwisho wa siku wanaachia uongozi ufanye uamuzi mchungu, kisha wanatoka nje wakisema hawakushirikishwa. Naongea kwa heshima lakini naongea ukweli. Na kikao cha mafunzo ya kusoma bajeti tuliwahi kukiandaa kwa wahadhiri wote. Walikuja tisa.

Chaki Nyeupe

Kasma, nashukuru sana umejitokeza. Watu wa fedha wakikaa kimya, uzi kama huu unageuka kilio cha upande mmoja.

La mafunzo nalikubali, ni aibu yetu. La wakuu wa vitivo pia ni kweli kabisa, na ndiyo maana sipendekezi Seneti nzima ikae kugawa fedha. Napendekeza kamati ndogo, watu saba au tisa, waliochaguliwa na wanataaluma wenzao na wasiwe wakuu wa vitivo, wakae miaka mitatu ili wajifunze, wapewe takwimu zilezile anazopewa Makamu Mkuu wa Chuo, na wawepo kwenye siku zile chache za mgawanyo. Mkuu wa kitivo ana wapiga kura wake au ana aliyemteua. Mtu wa kamati hiyo atawajibika kwa chuo kizima.

Kuhusu kuchelewa kwa ukomo: unachelewa kila mwaka. Jambo linalotokea kila mwaka linaweza kupangiwa utaratibu. Kamati inaweza kukubaliana mapema, kabla ya ukomo kuja, juu ya vipaumbele: ukishuka kwa asilimia 5 tunagusa nini kwanza, ukishuka kwa 10 nini kinafuata. Siku ukomo unaposhuka hamuanzi na karatasi tupu.

Binti Maabara

Shikamoo Mwalimu Chaki Nyeupe, shikamoo Kasma. Mimi ni mhadhiri wa fizikia, mwaka wa nne kazini. Naomba mnisaidie, maana hili limenifika shingoni.

Wiki iliyopita mkuu wa idara yetu aliitwa akaonyeshwa jedwali linalosema idara "inakula hasara". Wanafunzi waliosajiliwa kwetu ni 31 tu, miaka yote mitatu. Tunaambiwa idara itaunganishwa na nyingine au programu ifungwe. Lakini sisi ndio tunaofundisha fizikia ya mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wa uhandisi zaidi ya 600, na wa afya juu yake. Kwenye jedwali hawaonekani. Kikao cha kitivo ni Alhamisi ijayo. Niseme nini?

Chaki Nyeupe

Marahaba mwanangu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jedwali hilo nalijua.

Kwanza uliza: mapato ya ada na ruzuku yanahesabiwa kwa mwanafunzi alikosajiliwa, au kwa idara inayomfundisha? Kama ni alikosajiliwa, wale 600 wote wameandikwa uhandisi, na kazi yenu imekuwa bure. Omba jedwali la pili linalofuata saa za kufundisha. Takwimu hizo zipo, ziko kwa msajili kwenye ratiba na orodha za mitihani. Ni kuzikusanya tu.

La pili ndilo kubwa zaidi. Uliza "hasara" imejumuisha nini. Chukua idara ya mfano. Inaingiza 100. Gharama zake za moja kwa moja, yaani mishahara ya walimu na mafundi sanifu, vifaa na matengenezo, ni 80. Hapo imechangia 20 kwenye chuo. Halafu ofisi kuu inaibandikia sehemu ya gharama za pamoja: maktaba, ulinzi, ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, mtandao, riba ya mkopo wa jengo. Tuseme 35. Jedwali sasa linasema idara imepata hasara ya 15.

Haya, ifunge. Zile 100 hazipo tena. Zile 80 unaziokoa, ingawa si zote na si mwaka huohuo, kwa sababu walimu wa kudumu watahamishiwa idara nyingine na mishahara yao itawafuata. Zile 35 zinabaki palepale! Mlinzi halipwi pungufu kwa sababu fizikia imefungwa. Zitagawanywa kwa idara zilizobaki, na mwaka unaofuata idara nyingine iliyokuwa inapumua itaonekana nayo inakula hasara. Chuo kimejipunguzia 20 kwa mkono wake, kikiamini kimeokoa 15.

Na zile 35 zimefikaje 35? Kuna vyuo vinagawa gharama za pamoja kwa idadi ya wanafunzi, vingine kwa idadi ya wafanyakazi, vingine kwa mita za mraba za sakafu. Idara yenye maabara ikihesabiwa kwa mita za mraba inaumia. Ikihesabiwa kwa idadi ya wanafunzi inapona. Walimu ni walewale na vifaa ni vilevile, ila kanuni ya ugawaji ikibadilika, faida inageuka hasara. Kwa hiyo ukiambiwa idara inakula hasara, swali la kwanza ni: kwa kanuni ipi, na nani aliichagua?

Kasma

Hesabu ya Mwalimu iko sawa, na ninaikubali hadharani. Niongeze jambo moja ili Binti Maabara asiende kikaoni na nusu ya hoja. Gharama za pamoja hazipungui mwaka wa kwanza, lakini kwa miaka mitano au sita zinaweza kupungua kama uongozi una nia: jengo linaweza kukodishwa, nafasi za ofisi kuu zisijazwe watu wakistaafu. Kwa hiyo atakayesema "tukifunga hatuokoi chochote kabisa" atapigwa. Sema hivi: nionyesheni ni gharama ipi hasa itaondoka, mwaka gani, na nani atawajibika ikibaki. Kwa uzoefu wangu swali hilo linakaa juu ya meza bila jibu mara nyingi.

Na kuna ule mtindo wa kila kitivo kijitegemee kwa mapato yake. Nimefanya kazi chini yake. Ulianza kuvuma Marekani, University of Pennsylvania wakiutumia tangu miaka ya 1970, na Indiana University, ambacho ni chuo cha umma, wakaufuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Una faida: watu wanajua bei ya mambo, taa zinazimwa. Lakini niliona kitivo cha biashara kikianzisha kozi yake ya takwimu ili wanafunzi wasivuke kwenda idara ya hisabati na mapato yao. Uhandisi nao wakaanzisha ya kwao. Tukawa na kozi tatu za takwimu zilizofanana karibu kila kitu, na mbili kati yake zinafundishwa na watu ambao takwimu si fani yao. Bila mfuko wa pamoja unaoshikwa katikati na kugawanywa kwa malengo ya kitaaluma, mtindo huo unakigeuza chuo kuwa maduka yaliyopangana mtaa mmoja.

Kanuni na Sheria

Wakuu, niingie upande wa misingi, maana kuna watu wanadhani ushirikishwaji ni hisani ya uongozi.

UNESCO mwaka 1997 ilipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu wa Elimu ya Juu. Linasema walimu hao wawe na haki ya kushiriki katika vyombo vya uongozi, haki ya kukosoa uendeshaji wa taasisi zao, na haki ya kuchagua wawakilishi walio wengi kwenye vyombo vya taaluma. Ni pendekezo, halibani kama mkataba, lakini nchi wanachama zililipitisha. Linatajika kikaoni bila woga.

Marekani kuna tamko la mwaka 1966 lililoandaliwa kwa pamoja na chama cha maprofesa, baraza la elimu la nchi na umoja wa bodi za vyuo. Linaweka mtaala, mbinu za kufundishia, utafiti na hadhi ya wahadhiri kuwa dhamana ya msingi ya wahadhiri wenyewe. Kwenye fedha halikuwapa wahadhiri usukani: linasema mgawanyo wa rasilimali unagusa bodi, rais wa chuo na wahadhiri, kila mmoja kwa nafasi yake, na kwamba kila upande upate taarifa za kutosha. Mwaka 1972 chama cha maprofesa kikatoa tamko jingine mahsusi juu ya nafasi ya wahadhiri kwenye bajeti na mishahara.

Sasa tazameni upepo ulikoelekea baadaye. Denmark, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2003 iliondoa rekta (mkuu wa chuo) wa kuchaguliwa na wanajumuiya, ikaweka bodi zenye wajumbe wengi kutoka nje ya chuo. Japani, vyuo vya taifa vilifanywa mashirika mwaka 2004, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2014 yakashusha vikao vya maprofesa kuwa vya kutoa maoni kwa rais wa chuo. Jimbo la Wisconsin, Marekani, nalo mwaka 2015 likaondoa ulinzi wa ajira ya kudumu kwenye sheria na kuwafanya wahadhiri kuwa washauri zaidi kuliko waamuzi. Na hiyo ya Wisconsin ilipitishwa ndani ya sheria ya bajeti ya jimbo, ileile iliyokata dola milioni 250 za mfumo wa vyuo vyake vya umma. Mleta uzi anaposema fedha na madaraka ni chumba kimoja, mfano ni huo.

Mzee wa Maktaba

Nimesoma yote. Vijana, kuna mifano miwili ya karibuni ambayo kila mjumbe wa Baraza angepaswa kuijua.

Wa kwanza ni Laurentian University, chuo cha umma kule Sudbury, Kanada. Tarehe 1 Februari 2021 kiliomba mahakamani kinga dhidi ya wadai kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya makampuni yanayofilisika. Aprili mwaka huohuo zikafutwa programu 69 na kazi za wahadhiri zaidi ya mia moja. Seneti ilipigia kura programu hizo faraghani, kwa muda mfupi, na shoka la mahakama liko juu ya vichwa. Baadaye Mkaguzi Mkuu wa jimbo la Ontario, Bonnie Lysyk, akachunguza, na ripoti yake ya 2022 ikaonyesha kwamba mzizi wa tatizo ulikuwa upanuzi wa majengo kwa mikopo tangu takriban 2010, pamoja na usimamizi dhaifu wa Baraza. Fedha za utafiti zilizokuwa na masharti zilichanganywa kwenye akaunti moja na fedha za uendeshaji na kutumika. Kwa hiyo waliokatwa ni walimu, wakati deni lililetwa na majengo.

Wa pili ni West Virginia University, Marekani, 2023. Pengo la bajeti lililotajwa ni dola milioni 45. Septemba ile wahadhiri walipiga kura ya kutokuwa na imani na rais wa chuo, Gordon Gee, 797 kwa 100. Siku chache baadaye bodi ikapitisha kufutwa kwa programu 28 za shahada na nafasi za wahadhiri 143, ikiwemo kuivunja idara ya lugha za dunia. Kura 797 hazikubadilisha chochote kikubwa, kwa sababu zilipigwa mwisho wa safari.

Nilikuwa mtunza maktaba kwa miaka 30. Najua fungu la majarida linavyokatwa. Halikatwi kwa mjadala. Unakuta tu usajili haujalipiwa.

Kasma

Mzee wangu, asante kwa Laurentian. Lakini tuwe wakweli pande zote. Wanataaluma wakishika usukani wenyewe pia mambo huharibika. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako wanataaluma ndio wenye mamlaka ya juu ya chuo, walileta mfumo mpya wa uhasibu mwaka 2000 ukavurugika vibaya. Ripoti mbili huru za 2001, moja ya Anthony Finkelstein na nyingine ya Michael Shattock, zilionyesha kwamba shida haikuwa kompyuta peke yake. Kamati zilikuwa nyingi na dhamana ilikuwa imetawanyika hadi haijulikani iko kwa nani. Kushirikisha ni kuzuri, lakini siku ikifika lazima awepo mtu mmoja anayetia saini na kubeba lawama.

Chaki Nyeupe

Hilo nalipokea kwa mikono miwili, Kasma. Asaini mtu mmoja. Sigombanii kalamu. Nataka anayesaini awe amesikilizwa na kuhojiwa mbele ya watu waliosoma takwimu zilezile alizosoma yeye, na akikataa ushauri wao aandike sababu. Sababu iliyoandikwa inasomeka miaka mitatu baadaye. Ya mdomo inapotea mlangoni.

Kuna namna moja ya kukata ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha, nayo inaniuma kuliko zote: kusitisha ajira mpya. Uongozi hutangaza kwamba hakuna nafasi itakayojazwa, chuo kizima, bila upendeleo. Inasikika kama haki. Lakini watu hawastaafu kwa mpango wa kitaaluma. Idara iliyoajiri wengi kwa mkupuo miaka 30 iliyopita inapoteza wanne ndani ya miaka miwili. Jirani yake yenye vijana haipotezi hata mmoja. Kwa hiyo kinachoamua idara ipi ife ni tarehe za kuzaliwa. Kwetu idara moja iliyokuwa na jina kubwa katika utafiti ilibaki na watu wawili kwa njia hiyo, na hakuna kikao popote kilichowahi kusema ipunguzwe. Baadaye idadi hiyo ya watu wawili ikatumika kama ushahidi kwamba idara ni dhaifu.

Ningeomba jambo moja dogo katika kila chuo: nafasi ikiachwa wazi isirudi idarani moja kwa moja wala isipotee. Iingie kwenye kapu moja, na kamati ya wanataaluma ikae mara mbili kwa mwaka kupendekeza ni zipi zijazwe kwanza. Hata kapu likiwa na nafasi mbili kati ya kumi, hizo mbili zitakuwa zimechaguliwa na watu wanaojua kinachofundishwa.

Na wajumbe wenzangu mliomo kwenye kamati za fedha, someni taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitano kabla hamjagusa bajeti ya mwaka huu. Bajeti ni nia. Hesabu zilizokaguliwa ni yaliyotokea. Angalieni kila mwaka kasma (kifungu cha bajeti chenye namba yake) ya vifaa vya kufundishia ilipangiwa kiasi gani na ilitumika kiasi gani. Mimi nilikuta kwa miaka minne mfululizo fedha zinapangwa, zinapitishwa kwa makofi, kisha katikati ya mwaka zinahamishwa kwenda safari na ukarabati wa ofisi kwa barua ya ndani isiyofika kamati yoyote. Nilipoiuliza, uhamisho wa vifungu ukaanza kuletwa kwenye kamati kila robo mwaka. Ni ushindi mdogo, lakini upo hadi leo.

Msomi wa Jioni

Mkuu, swali. Kama Baraza lina wajumbe wengi wa kuteuliwa na serikali, mwakilishi mmoja wa wahadhiri atafanya nini?

Chaki Nyeupe

Ndugu, kura yake moja haitashinda. Lakini mjumbe wa kuteuliwa anakuja mara nne kwa mwaka, na mara nyingi ni mtu mwenye nia njema asiyejua semina ni nini wala kwa nini maabara inahitaji fundi sanifu. Anategemea kabrasha. Mwakilishi akimpa ukurasa mmoja, wenye namba zinazoweza kuhakikiwa, siku tano kabla, anausoma. Nimeona mjumbe wa kutoka sekta ya benki akiuliza swali letu neno kwa neno. Utawala ulimjibu yeye kwa umakini ambao sisi hatukuwahi kuupata.

Binti Maabara (mrejesho)

Shikamooni wote. Kikao kilifanyika Alhamisi kama nilivyosema.

Nilikesha na mwenzangu mmoja tukitoa orodha za mitihani za miaka mitatu. Tukapata kwamba idara yetu inabeba karibu theluthi moja ya saa zote za kufundisha mwaka wa kwanza uhandisi. Nikachapisha ukurasa mmoja. Mkuu wa kitivo alitaka tuendelee na ajenda inayofuata, lakini mwakilishi wa uhandisi mwenyewe akasimama akauliza fizikia ikifungwa wanafunzi wake watafundishwa na nani, na kwa fungu gani. Hakukuwa na jibu.

Kisha nikauliza swali la Kasma, gharama ipi itaondoka na mwaka gani. Mwakilishi wa ofisi ya fedha akasema waziwazi kwamba hesabu hiyo haijafanywa.

Pendekezo halijafutwa. Limerudishwa likafanyiwe kazi, na tumeambiwa majedwali yote mawili yaletwe, la usajili na la saa za kufundisha, wiki mbili kabla ya kikao kijacho. Idara imetakiwa kutoa mtu mmoja wa kukaa nao wakati wa kuyaandaa. Wamenichagua mimi. Kasma, kama una nafasi, naomba nikutumie ujumbe: sijui hata neno "kasma" lenyewe lina namba ngapi.

Kasma

Tuma, dada. Na omba wakupe daftari la kasma za mwaka jana, matumizi halisi, mwezi kwa mwezi. Tuanzie hapo.